Mkanda wa Likwata

Mume wangu Likwata alikuwa dereva, na kama madereva wengi alidhani kila jambo duniani linaamuliwa na aliyeshika usukani. Mimi Kidawa nilimwambia miaka nenda miaka rudi kwamba sivyo. Hanisikii. Anasikia injini tu.

Ndiyo maana alikuwa wa kwanza kuusikia ule mlio. Ulikuwa mwaka wa operesheni ya vijiji, watu wanatolewa mashambani na kukusanywa kandokando ya barabara, na lori kuukuu la serikali alilopewa lilishinda likibeba vitanda, vyungu, mbuzi na vilio vya wenyewe. Siku hiyo aliporudi kwetu Mtanda, hata pole yangu hakuiitikia. Aliliacha lori linanguruma mbele ya nyumba, akasimama kando yake, kichwa kakiinamisha upande. Ko, ko, ko. Ungedhani mtu mwenye adabu anabisha hodi na hafunguliwi.

Akaitwa Evaristo, fundi wa Kimakonde aliyejifunzia kazi kwenye mashamba ya mkonge.

"Shemeji, panda unikanyagie mafuta," akaniambia.

Nikapanda, nikakanyaga. Akaegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho. Kisha akaanza kuchomoa waya za plagi, moja moja, na kuzirudisha. Alipochomoa ya tatu, ile hodi ikanyamaza karibu yote.

"Zima, shemeji." Akamgeukia mume wangu. "Beringi ya chini, ya pistoni ya tatu. Imelika. Ukiendelea kuliendesha hivi, chuma kitatoboa ubavu wa injini, na hapo tutakuwa tunazika."

"Beringi mpya je?"

"Dar es Salaam kwenyewe hazipo. Lakini ngozi ipo." Akanyoosha kidole kwenye mkanda wa suruali ya Likwata. "Nakata kipande, naloweka kwenye oili, nakifunga pale palipolika. Ukienda polepole, usilikimbize, usililazimishe mlimani, utafanya nalo kazi wiki nzima. Mkongeni tulifanya hivyo mara nyingi."

Likwata akaushika mkanda wake kiunoni. Hakuufungua.

Nilijua kwa nini. Jumatatu ilikuwa zamu ya kitongoji cha mama yake, Bi Mwanasha, huko ndani upande wa Kilangala. Mama mkwe wangu alikuwa na shamba la mikorosho aliyoipanda na marehemu mumewe, na kaburi la huyo mume liko katikati ya mikorosho hiyo. Miezi yote Likwata amehamisha mama za watu na hakufungua mdomo. Sasa zamu imefika kwake, ndipo alipoona uchungu.

"Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "sema limekufa."

Evaristo akafuta mikono taratibu. "Ndugu yangu, hawa watu hawahamishwi na gari."

"Lori jingine la kufika huko hakuna. Bila lori watafanya nini? Mvua hizo zinakuja, njia itafungwa, wataahirisha mpaka mwakani. Na mwakani Mungu mkubwa."

"Baba Huseni," nikamwita, bado nimekaa kwenye usukani wake, "mama umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Kama anataka kuliacha kaburi la baba? Wewe humjui mama."

"Mimi nasema muulize. Kilangala si ng'ambo."

"Kidawa, haya ni mambo ya gari."

Ya gari! Nikashuka, nikaingia ndani, nikampikia ugali mkavu bila mboga. Alistahili.

Kesho yake alikuja mkubwa wake wa kazi. Lori likawashwa, likagonga kwelikweli, na Evaristo, macho chini, akasema halifai tena, lisukumwe kando. Mkubwa akatazama saa yake, akasema "Haya," akaondoka. Likwata akacheka peke yake. Jumatatu mvua ikanyesha tangu alfajiri, akakaa barazani akiisikiliza inavyopiga mabati, uso umemkunjuka.

"Njia imefungwa," akaniambia. "Mama yuko salama."

Jumatano akaja Tawakali, jirani yake Bi Mwanasha, miguu imejaa tope mpaka magotini. Hakutaka kukaa.

"Tulitembea," akasema. "Walikuja mgambo, wakasema lori hakuna, kila mtu abebe anachoweza. Nyumba zikashushwa nyasi za mapaa ili asirudi mtu."

"Na mama?" Likwata akauliza.

"Mama yako alikuwa tayari tangu Ijumaa. Amefunga mizigo yake, na udongo wa kaburi la mzee ameuchota kidogo, ameufunga kwenye kitambaa. Sisi tunalia, yeye anatutuliza. 'Mimi naenda na gari la mwanangu,' anasema, 'nitakaa mbele.' Alipoambiwa hakuna gari hakuamini. Wakashusha paa lake, yeye kakaa juu ya mzigo, mvua inampiga, anakungoja. Jioni ndipo tulipomshika mkono. Sasa mwili moto, anakohoa, na kibanda hana. Njoo."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa Likwata mjukuu hakungoja hata mtoto azaliwe. Nilimwona akifungua mkanda na kumkabidhi Evaristo, na hasira zangu zote zilikuwa pale pale, lakini nilimwonea huruma pia, Mungu anajua. Akajifunga kiunoni kipande cha kanga yangu. Evaristo alilala chini ya lori siku nzima, akakata, akaloweka, akafunga.

Alfajiri, mvua imekatika na njia imeanza kukauka, tukaondoka bila ruhusa ya mtu. Kijiji kipya kilikuwa miti iliyochomekwa ardhini na watu waliokaa katikati ya vyombo vyao. Bi Mwanasha tulimkuta amelazwa mkekani, chini ya shuka lililofungwa kwenye vijiti vinne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Limepona?"

"Limepona, mama."

"Niliwaambia," akasema, akawatazama jirani zake kwa fahari.

Tukamkalisha mbele, katikati yetu, kifurushi cha udongo mapajani, kumpeleka hospitali mjini. Joto la mwili wake lilinipata mpaka ndani ya nguo. Tulikuwa tumekwenda kitambo alipouliza:

"Lilikuwa na ugonjwa gani?"

Likwata alitazama barabara. "Lilikuwa linagonga, mama."

Bi Mwanasha akainamisha kichwa upande, vilevile kama afanyavyo mwanawe, akasikiliza. "Mbona mimi sisikii kitu?"

Likwata akabadili gia. Nilikuwa na jibu mimi, limenikaa kooni siku zote hizo, lakini nilimtazama mume wangu usoni nikalimeza.

Kabla hatujauona mji, kichwa cha mama kiliniangukia begani na kifurushi kikaanza kuteleza. Nikakidaka. Nikasema kinachosemwa na Waislamu saa ile, kisha nikamgusa mume wangu mkono.

"Baba Huseni, geuza gari."

Akageuza. Amri ya kutorudi mashambani ilikuwa ya walio hai. Tukaupanda mlima wa kuelekea kwenye mikorosho na kaburi la mzee polepole, kama fundi alivyotuelekeza, na injini haikugonga hata mara moja.