Mbuzi, Mwambie Mwenye Nyumba

Mimi Nyangi simuogopagi mtu hapa Nyasho, isipokuwa mkwe wangu. Kwetu mama mkwe haingii uani kwa mkwewe, hamsemeshi uso kwa uso, mkwe naye hamtaji jina, na kutaja choo mbele yake? Thubutu!

Sasa mtaro wetu unashuka mpaka ziwani, pale tunapoanika dagaa. Mvua ikinyesha, watu walikuwaga wanatapisha vyoo: wanafungua shimo, uchafu unaondoka na maji. Mnunuzi wetu wa Bunda akaja, akanusa, akatuachia magunia yetu ya dagaa bila kununua. Nilikasirika mpaka nikagombea uenyekiti wa kamati ya mtaro, nikashinda. Nikaapa mbele ya watu: atakayetapisha nitamfuata mwenyewe, awe nani awe nani.

Jumamosi mchana mvua ikamwagika. Nikafuata harufu kandokando ya mtaro, na Pelagia wa kamati nyuma yangu. Harufu ikatufikisha kwa Mugeta, mume wa binti yangu. Yuko uani, chepe mkononi, shimo la choo wazi.

"Mwenyekiti, turudi?" Pelagia akauliza, macho yanacheka.

Jamani! Nikirudi, kesho mtaa mzima unafungua mashimo. Nikiingia, nimemvunjia mkwe heshima, na aibu anaibeba binti yangu.

Kwenye uzio kulikuwa na mbuzi amefungwa, amelowa. Nikampa Mugeta mgongo, nikapaza sauti.

"Wewe mbuzi! Mwambie mwenye nyumba hii, dagaa anazozimwagia uchafu ndizo zilizomsomesha mke wake. Afunge hilo shimo sasa hivi. Siondoki!"

Nikasikia chepe linakwangua mawe.

"Mbuzi," Mugeta akasema, "mwambie mama nimefunga. Na nimekosa."

Kiangazi kilipofika akajenga choo cha tangi, cha kwanza mtaani, kinanyonywa na gari. Majirani wakamwiga, mmoja mmoja. Mnunuzi wa Bunda naye karudi, siku hizi hata hanusi.

Juzi wakaja wageni kutoka Butiama kujifunza kwetu. Wakauliza kwenye mkutano, nani alimfundisha huyu wa kwanza kujenga choo cha tangi? Mugeta akasimama nyuma kabisa, akanipa mgongo kwa adabu.

"Mimi simtaji," akasema. "Mbuzi wangu anamjua."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na vigelegele. Nikajifunika kanga usoni. Wakadhani naona aibu. Aka! Nilikuwa nalia kwa fahari.