Mlio wa Chakula

Koplo mstaafu Nzioka alitoka nyumbani kwake Ngoliba alfajiri, na kufikia saa nne asubuhi hakuna aliyekuwa amemwona. Binti yake, Ndanu, alikuwa amezunguka mashamba yote ya majirani. Vijana wa kanisa walishuka mpaka mtoni na kurudi wakitikisa vichwa. Hapo ndipo alipompigia simu Mzee Kaveke.

Kaveke alikuwa na duka la chakula cha kuku huko Kimbo, Ruiru. Zamani yeye na Nzioka walilala bweni moja kambini, na kwa miaka kumi na tisa Kaveke, aliyestaafu akiwa sajini, ndiye aliyekuwa mpiga tarumbeta wa kikosi. Alimwomba Ndanu amweleze hali ya baba yake polepole. Ndanu akasema ni miaka miwili sasa tangu asahau majina ya watu, hata lake. Kitu alichokuwa hajasahau ni saa za jeshi. Kila siku aliamka kabla ya jua, akatandika kitanda hadi shuka likanyooka kama karatasi, kisha akasimama mlangoni akisubiri amri.

Kaveke alifunga duka, akachukua tarumbeta yake kabatini, akasafiri.

Alifika saa saba, jua likichoma. Ndanu alimpokea kwa heshima, lakini alikuwa amechoka na midomo imemkauka. Alimwomba apige ule mlio wa mazishi ya wanajeshi. Ndio pekee aliowahi kuusikia, akasema, na ni mrefu, utafika mbali.

"Huo siupigi," Kaveke alisema. "Huo ni wa kumuaga mtu. Baba yako hatujamuaga."

"Basi ule wa hatari, Anko."

"Ule ukilia, askari analala chini asionekane. Tutapita kando yake na hatutamwona."

Alifikiria mlio wa kukusanyika, akaukataa pia, maana Nzioka angeanza kutafuta uwanja wa gwaride, na uwanja anaoujua uko mbali sana. Mwishowe akasema atapiga wa chakula. Huo haukuwahi kumtisha askari yeyote.

Walipanda kilima kidogo nyuma ya boma. Kaveke aliweka tarumbeta mdomoni na kupuliza, ikatoka pumzi tupu. Mwaka uliopita alikuwa ameng'olewa meno mawili ya mbele, na tangu hapo alikuwa hajapiga hata mara moja. Hakuwa amemwambia Ndanu. Akajaribu tena, sauti ikapasuka katikati. Vijana waliokuwa chini waligeuka kuangalia. Kaveke alisikia aibu ikimpanda shingoni, akasogeza tarumbeta upande wa mdomo wenye meno, akabana midomo.

Safari hii mlio ulitoka. Haukuwa mzuri kama wa zamani, lakini ulikuwa wenyewe, mfupi na mchangamfu, ukaenda juu ya mahindi yaliyokauka hadi ng'ambo ya korongo. Aliurudia. Akasubiri, akaurudia tena. Midomo ilianza kutoa damu.

"Anko, pumzika," Ndanu akasema.

"Bado."

Mara ya saba, vichaka vya korongoni vilitikisika. Mtu akatokea, kiatu kimoja mguuni, suruali imejaa miiba. Alikuwa anatembea haraka, mabega wima, mkononi ameshika nusu ya kibuyu kilichovunjika kama mtu aliyeshika sahani. Ndanu alikimbia kuteremka. Nzioka hakumtazama. Alimpita, akapanda mpaka mbele ya Kaveke, akasimama akihema.

"Sajini," alisema, "leo ni ndengu tena?"

Kaveke alijibu ndiyo, ni ndengu.

Ndanu alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Alilia kidogo, kisha akacheka, kisha akainuka na kumshika baba yake mkono. Nzioka aliuacha mkono ushikwe.

Nyumbani walimpa maji, wakamtoa miiba, wakampa chakula. Haikuwa ndengu, ilikuwa githeri, lakini alikula yote bila kulalamika. Vijana wa kanisa waliomba sala fupi ya shukrani, wakaondoka wakipiga gumzo. Ndanu aliwasha simu yake na kumwomba Kaveke apige ule mlio mara moja tu aurekodi, ili awe nao siku nyingine. Kaveke alifuta mdomo kwa leso, akapiga polepole, kwa uangalifu.

Nzioka, aliyekuwa ametoka tu kulamba kijiko, alisimama na sahani yake tupu, akajipanga kwenye mlango wa jikoni.

"Mpakulie," Kaveke akasema, na Ndanu akampakulia.