Sisimizi wa Harusi ya Yolima

Mvua zilichelewa mwaka huu, na sisimizi wa hapa Barichara walipotoka ardhini walitoka kiduchu. Nilidamka na viatu vyangu vya mpira kuwaokota majike, wale wenye matako manene, huku askari wao wakiniuma mpaka magotini. Nikawanyofoa mabawa, nikawakaanga kwa chumvi, nikapata kibuyu kimoja tu. Kilikuwa cha Yolima, binti wa kaka yangu Libardo. Kwetu bibi harusi haendi ukweni mikono mitupu.

Harusi ikiwa keshokutwa, Libardo akaniletea vijana wa jiji la Bogotá na kamera zao. Siku hizi wamegundua kwamba wadudu ni chakula, utadhani sisi miaka yote tulikuwa tunakula udongo.

"Dada, wape wachache tu," akanibembeleza. "Tutaonekana dunia nzima!"

Mtangazaji wao, Maximiliano, akakipokea kibuyu, akatia sisimizi mdomoni, akakodoa macho, akatetemeka, akamtema. Kuku wangu wakamgombania.

"Tena!" mpiga picha akasema. "Ogopa zaidi."

Akachota konzi nzima, akatema. Akachota tena na tena, akatema. Damu ikanichemka.

"We kijana, kwani umelishwa sumu?"

"Mama, usijali. Watazamaji wanapenda nikiogopa."

"Basi nenda kaogope chakula cha mama yako!"

Nikampokonya kibuyu. Kilibaki nusu. Wakacheka, kamera bado inanitazama, hata hasira zangu wakaondoka nazo. Libardo alikuwa anaangalia viatu vyake.

Siku ya harusi, mama mkwe wa Yolima, Doña Ubaldina, akafunua kibuyu mbele ya wageni. Yolima akainamisha kichwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mbona nusu?" mama mkwe akauliza.

"Nusu nyingine imetemwa, ikaliwa na kuku," nikasema kwa sauti, makusudi. "Libardo alitaka tupigwe picha."

Minong'ono ikazuka. Doña Ubaldina akachukua sisimizi mmoja, akamtafuna taratibu, akampa Yolima mmoja, kisha akakizungusha kibuyu mwenyewe. Kila mgeni alichukua mmoja, akatafuna, akameza. Hakuna aliyekodoa macho.

Alipofika kwa Libardo, kaka yangu akanyoosha mkono. Doña Ubaldina akakifunika kibuyu.

"Wewe mkwe," akasema, "fungu lako wameshalila kuku."