Posa ya Mgrikwa

Jumatano, tarehe 12 Novemba 1941, saa kumi za alasiri, mvua ya vuli ilikuwa imekatika na kuta za Mji wa Kale zilitoa fukuto. Mwalimu Muhdhar aliingia ukumbini kwa Mzee Jamaldin, serahangi, msimamizi wa mabaharia bandarini Kilindini, akiwa mshenga. Nyuma yake alikuwa Seth, dereva wa jeshi kutoka kusini kabisa mwa Afrika, aliyesilimu mwaka huo. Alitaka kumwoa Mwanatumu, binti wa mzee, na kikosi chake kilikuwa kinaondoka Ijumaa.

Mzee akauliza nasaba. Seth akajibu kwa Kiingereza, Muhdhar akafasiri: "Ni Mgrikwa, kabila la huko kusini. Wazee wake walikuwa watu wa nahodha Adam Kok."

Jamaldin akakaa wima. "Nahodha! Chombo chake chaitwaje?"

"Magari ya ng'ombe," Seth akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili cha kambini. "Mengi. Wakapanda milima ya theluji."

Nyuma ya pazia, Mwanakuu, shangazi yake Mwanatumu, akaangua kicheko. "Yallah! Nahodha apanda mlima!"

Jamaldin akamgeukia mshenga. "Mwalimu, waniletea mwongo nyumbani?"

Kosa lilikuwa la Muhdhar. Alikuwa amesikia "kapteni" akatia cheo cha baharini, kwa kuwa mjini hapa ndicho chenye heshima. Akinyamaza, lawama itamshukia mgeni.

"Niwie radhi, mzee. Ulimi wangu ndio uliokosa. Kwao kapteni ni mtawala. Ana baraza lake, na hukata hukumu."

"Kumbe sultani!"

"Mfano wake."

Uso wa mzee ukakunjuka. "Na nchi yake i wapi?"

Seth alijibu polepole, macho mkekani. Safari hii Muhdhar hakupamba neno.

"Ya kwanza waliwauzia Makaburu, wakahama. Njiani mifugo ilikufa kwa baridi. Wakapata ya pili, Waingereza wakaitwaa. Kapteni akafa. Leo wengi wao ni vibarua katika mashamba ya watu."

Jamaldin akaweka chini kikombe cha kahawa. "Dini yake naikubali. Adabu yake nimeiona. Lakini binti yangu nimpeleke wapi, mwalimu? Barabarani?"

Seth hakungoja tafsiri. Alisimama, akaaga kwa mkono kifuani.

Mwanakuu aliondoa sinia ya kahawa. Jamaldin alikwenda kutawadha. Mwanatumu alijifungia chumbani siku mbili. Seth aliondoka Ijumaa na kikosi chake. Muhdhar alirudi kufundisha, na hakukubali tena kuwa mshenga wa mtu.