Chumvi Katika Programu

Bwana Sameer Noormohamed aliandika programu kwa miaka thelathini bila kuajiriwa na mtu, na jambo hilo alilitaja kabla ya jina lake. "Mimi sina mkubwa juu yangu," alipenda kusema, huku akingoja mwenye duka amwonyeshe pa kuketi. Maduka kumi na moja ya kanga pale Biashara Street yalitumia kazi yake moja, ileile, iliyobadilishwa jina la duka tu. Mteja akitaja maneno ya kanga aitakayo, muuzaji aliyaandika, na kompyuta ikamwambia kanga hiyo imo katika robota gani na zimebaki doti ngapi.

Mara moja kila mwaka, kila duka kwa tarehe yake, programu ilisimama. Bwana Sameer akaitwa. Akaja, akaketi, akaguna, akasema ni chumvi. Na nani Mombasa angembishia? Chumvi ya bahari imekula makufuli yetu, majokofu yetu na mabati yetu. Itashindwaje na programu? Aliishughulikia nusu siku, akanywa chai vikombe vitatu, akapokea ujira wake. Maduka mengine yaliweka bakuli la mchele mkavu kando ya kompyuta ili unyevu upungue. Bwana Sameer aliusifu sana mchele huo.

Siku za Jumamosi alifundisha vijana bure katika ukumbi mmoja wa Buxton, na hilo nalo hakuacha kulitaja. Kitabu cha kusomea kilikuwa programu yake mwenyewe, kurasa mia mbili zilizochapishwa, ili waone ufundi. Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyepita ukurasa wa tatu. Walikipiga picha, wakapewa vyeti, wakaenda zao. Bwana Sameer alikuwa na imani kubwa na uvivu wa wanafunzi wake.

Kisha akaja Mwikali, binti wa karani wa reli, naye akakisoma chote. Mwikali alikuwa akimalizia stashahada ya kompyuta, na Bwana Sameer ndiye aliyekuwa msimamizi wake wa mafunzo ya kazini. Alibakiza kitu kimoja tu: sahihi ya msimamizi katika daftari la mafunzo. Bila sahihi hiyo hakuna stashahada, na daftari lilifungiwa katika mtoto wa meza ya Bwana Sameer. Kwa hiyo alipofika ukurasa wa mia na sitini na mbili, akauona mstari unaoiamuru programu isimame kila mwaka ikifika tarehe fulani, na isiamke mpaka Bwana Sameer aandike neno la siri, alifumba kitabu na kufumba mdomo.

Kwa duka la Khatijabai, moja kati ya yale kumi na moja, tarehe ilikuwa kumi na saba Machi. Bwana Sameer alipoichagua, miaka mingi nyuma, hiyo ilikuwa wiki ya usingizi kwa biashara. Alisahau jambo analolijua kila mtoto wa Mji wa Kale: Idi haikai mahali pamoja. Kila mwaka husogea nyuma siku kumi au kumi na moja. Mtu aliyehesabu doti za mtaa mzima hakuuhesabu mwezi. Mwaka huu tarehe ile iliangukia kumi la mwisho la Ramadhani, wakati wanawake wamejaa dukani kutoka mlangoni hadi barabarani, na yeye yuko Nairobi akitunukiwa tuzo ya mwalimu wa vijana.

Khatijabai alimwita mwanafunzi, kwa kuwa mwalimu hakupatikana. Mwikali alimkuta juu ya ngazi, mama wa miaka sabini na mbili mwenye saumu yake, akifungua robota moja baada ya jingine kutafuta kanga ya zambarau. Wateja walikuwa wameanza kuhamia duka la jirani. Mwikali akapiga simu Nairobi mara tano. Ya sita ikapokewa.

"Usiguse kitu," Bwana Sameer alisema. "Hiyo ni chumvi. Narudi Jumatatu."

"Jumatatu Idi imeshapita, mwalimu."

"Mwambie asubiri. Huu ni mwezi wa subira."

"Mwalimu, ni mstari mmoja. Ukurasa wa mia na sitini na mbili."

Katika simu, kwa mbali ilisikika sauti ya kipaza ikimsifu mtu aliyejitolea maisha yake kwa elimu.

"Mwikali," akasema kwa upole, "unakumbuka daftari lako liko wapi?"

Alikumbuka. Akakata simu, akasimama mbele ya kompyuta akimtazama Khatijabai anavyoshuka ngazi, mguu mmoja ukitafuta kipago bila kukiona. Kisha akaketi, akaufuta ule mstari. Khatijabai aliyekuwa ameshika tasbihi hakuwa amefika hata nusu ya mzunguko.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari, mama."

"Na hiyo chumvi?"

"Haikuwako."

Khatijabai alihesabu miaka kwa vidole, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha akarudi kwa wateja wake.

Jumatatu aliwaalika wenye maduka mengine yote kumi, pamoja na Mwikali, kwa halua ya Idi. Bwana Sameer naye alikuja, na tuzo yake ya kioo kwapani na daftari la Mwikali mkobani. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana watoto, wakaulizana afya.

"Sameerbhai," Khatijabai akasema akimsogezea sahani, "chumvi ya mwaka huu ilikuwa ya namna gani? Huyu msichana yuwasema ni mstari, na kwamba wauandika wewe."

Mtu mwingine angemeza halua vibaya. Bwana Sameer aliweka kijiko chini, akatabasamu kama mtu aliyengojewa. Akawaeleza kwamba ule ulikuwa mtihani. Miaka yote hii alikuwa akimsubiri mwanafunzi atakayeugundua, na leo, alhamdulillahi, amepatikana. Akapiga makofi. Wawili wakamfuata, kwa adabu tu. Kisha akamwinamia Mwikali, daftari mkononi, akamnong'oneza kwamba akikubali mbele ya watu, sahihi anaipata sasa hivi.

Mwikali akasimama. "Ni kweli, ulikuwa mtihani. Mwalimu mwenyewe amesema." Bwana Sameer akafungua kalamu. "Lakini nimejibu swali moja, na maduka mengine ni kumi. Sitaki nitiliwe sahihi mtihani ukiwa bado. Mwalimu, niruhusu nianze duka la jirani."

Kalamu ikabaki hewani.

"Mruhusu," Khatijabai akasema. "Au mimi peke yangu ndiye niliyekuwa mtihani?"

Shoaib, mwenye duka la jirani, alikuwa ameshatoa ufunguo mfukoni.

Mtihani haufanywi bila msimamizi, kwa hiyo Bwana Sameer alikaa kitini katika kila duka, akapewa chai, akaulizwa habari za Nairobi, akajibu njema, huku mstari mmoja mmoja ukifutwa mbele yake. Duka la kumi lilikwisha kabla ya adhana ya alasiri. Hapo akatia sahihi, na katika nafasi ya maoni akaandika: Nimemfundisha kila anachokijua.

Mwikali aliyasoma, akangoja wino ukauke, akalitia daftari mkobani.

"Ahsante, mwalimu," akasema.