Kipande cha Tano

Julienne alipochaguliwa kuwa rais wa comité ya kumuaga Laetitia, aliapa jambo moja kabla hata hajaketi: safari hii watu hawatakula wali wakiwa na sahani magotini kwenye ukumbi wa kanisa. Ameshaaga watu mara saba katika ukumbi ule, wote wakienda Canada au Australia, na kila mara spika zilikoroma na soda zikaisha kabla ya sala ya mwisho. Laetitia, naye aliyepata Canada, ataagwa majini. Kuna boti ya matembezi inayozunguka bandari Jumamosi mchana, ya ghorofa mbili, nafasi arobaini. Julienne amesuka nywele kwenye saluni ya mtaa wa Point, Durban, miaka kumi na miwili akiiona ikipita, imejaa watu wenye bilauri mikononi, na alitaka walau mara moja awe ndani yake.

Comité zao ndivyo zilivyo, watu arobaini na viongozi tisa. Kulikuwa na rais, makamu, katibu Bernadette, ambaye ni Mrundi mwenye duka la simu, na washauri ambao kazi yao ilikuwa kula biskuti za kikao. Wenzake wote wanane walimpigia Julienne kura kwa sauti moja, bila hata ubishi wa dakika mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea katika kundi lile. Yeye akadhani ni heshima. Akalia kidogo, akashukuru, akatoa daftari.

Watu wa boti walitaka majina ya abiria wote kama yalivyo kwenye karatasi zao. Julienne akapita nyumba kwa nyumba. Kwa Laetitia, huko Cato Manor, aliandika matano: Laetitia, mumewe Pascal, wavulana wao Josias na Ezéchiel, na Anaïs. Huyo wa mwisho alikuwa mtoto wa Julienne, tena wa pekee. Walipofika Durban kutoka Uvira, Anaïs akiwa na miaka sita, Julienne alilazwa miezi minne kwa kifua kikuu, na mtoto asiye na karatasi shule haikumtaka. Ni Julienne mwenyewe aliyemwomba Laetitia, jirani yake wa tangu nyumbani, amwandikishe binti kwenye ofisi ya wakimbizi kama wake. Laetitia alipanga foleni siku tatu. Tangu hapo Anaïs akawa binti wa Laetitia kwenye karatasi na binti wa Julienne kila mahali pengine, na hakuna aliyeona ajabu, maana kundi zima lina majina na tarehe za kuzaliwa za kuazima. Julienne akafunga daftari, akaenda nyumba inayofuata.

Kisha vikaja vitenge. Kundi lao lina desturi waliyoianzisha huku huku Durban. Wanaobaki huvaa kijani. Anayeondoka huja na nguo zake za kawaida, na katikati ya sherehe wanaobaki humvalisha buluu, mmoja kwa mmoja. Ukimvalisha mtu, umesema mbele ya wote kwamba umemwachia aende, huna kinyongo naye wala swali la kumuuliza. Mwaka juzi mama mmoja alikataa kumvalisha wifi yake, na mpaka leo akipita sokoni anatazamwa.

Nguo za buluu zilishonwa na Léonidas, fundi mwenye cherehani yake pale Warwick Junction. Siku tatu kabla ya safari Julienne alikwenda kuzichukua, akakuta mashati matatu na gauni moja vimekunjwa vizuri, na pembeni kipande cha tano, hakijaguswa na mkasi.

“Mama Anaïs, hii ya mutoto nikate mpaka magoti ao mpaka chini?” Léonidas akauliza. “Alikuya kupimwa, lakini hakuniambia urefu.”

Julienne akamwambia mtoto wake haendi popote, yeye ni wa kijani. Fundi akasema mbona Mama Josias ndiye aliyemleta, akaagiza tano. Julienne akacheka mpaka akashika meza. Huyo ndiye Laetitia, akamweleza, hawezi kuhesabu watoto wake bila kumtia na Anaïs; Jumapili sahani yake ipo, kitanda chake kipo, sasa amemkatia na kitenge cha safari. Akakichukua kipande kile vilevile, atakitandika chini ya keki. Fundi akakunja mkanda wake wa kupimia, akaukunjua tena, halafu akasema, “Sharp, mama,” akarudi kwenye cherehani yake. Julienne akavuka kwenye robot, taa za barabarani, akiwa amejaa furaha, ameokoa kitenge kizima na amepata kitambaa cha meza.

Jumamosi hapakuwa na upepo. Watu wa kijani walijaa ghorofa ya chini, keki ikawekwa juu ya buluu, na boti ikaacha gati saa nane kamili. Julienne alizunguka na daftari akihakikisha kila mtu ana soda, akawaonyesha kreni zilizokuwa zikishusha makontena kana kwamba ni zake. Hata Pascal, ambaye hasifii kitu, alimwambia amefanya kazi kubwa. Laetitia peke yake ndiye aliyekuwa hali chochote. Alikuwa amekaa karibu na Anaïs, amemshika mkono.

Walipokaribia mdomo wa bandari, shemasi Anatole akashika maikrofoni, akawaita wanaoondoka wasimame mbele. Pascal akasimama, na Laetitia, na wavulana wawili. Halafu Anaïs akasimama, akaenda akajipanga nao, akiwa na gauni lake la kijani.

Julienne alidhani binti amekosea. Alimwonyesha kwa kidole arudi akae.

“Mama Anaïs,” Laetitia akasema, “nguo ya mutoto iko wapi?”

“Mutoto gani?”

Julienne akawatazama wenzake wa comité, mmoja mmoja. Bernadette alikuwa anatazama viatu vyake. Makamu alikuwa anatazama maji. Hapo ndipo Julienne alipoelewa zile kura nane: walimpa urais ili mikono yake iwe na kazi na macho yake yawe kwenye orodha ya soda. Nusu ya boti ilijua. Fundi alijua. Ameandaa kwa mikono yake mwenyewe, kwa maringo, sherehe ya kumwondoa mtoto wake, na kila aliyemsifu alikuwa anamsifu kwa hilo.

“Tulitaka kukuambia hapa, kwa boti,” Laetitia akasema kwa sauti ya chini. “Tuliogopa utaenda kusema kwa bureau ya wakimbizi. Ukisema neno moja tu, sisi wote tunakatwa. Dosye ya Canada iko ya watu watano, Mama Anaïs. Haikuwa ya wanne hata siku moja.”

Julienne alijua ni kweli. Angekwenda. Angekwenda siku hiyohiyo, na mguu wake usingekuwa mzito.

Akamgeukia binti yake. Miaka kumi na tisa, na nywele alizomsuka yeye jana yake, mistari miwili miwili, akiambiwa ni kwa ajili ya boti. Akakumbuka asubuhi nyingine, mwaka mmoja na nusu nyuma, alipoamka kabla ya jua kumsuka zile nyembamba kabisa, akiambiwa kuna picha ya shule. Kumbe watu wa Canada walikuwa wanamsubiri kumhoji.

“Siku ile walikuuliza mama yako ni nani?”

“Waliuliza.”

“Ukasema?”

“Nikasema ni Mama Laetitia.”

“Na mimi ni nani, hawakuuliza? Picha zako zote niko ndani.”

Anaïs alianza kulia, lakini alijibu. “Waliuliza. Nikasema ni ule mama anatusukaka nywele.”

Boti ikaanza kugeuka kurudi. Julienne akahesabu siku. Ndege ni Jumanne. Jumatatu ofisi zinafunguliwa asubuhi, na kutoka Point ni teksi moja tu. Aliliwaza jambo lile lote mpaka mwisho wake, foleni, dirisha, neno lenyewe, na akajua hatalifanya. Haukuwa wema. Ni kwamba angembakiza Anaïs na kulala naye chumba kimoja, na kila asubuhi binti angemtazama mama aliyemzuilia Canada. Akamchukia Laetitia kwa moyo wote, na akakumbuka foleni ya siku tatu, na kumbukumbu hiyo haikupunguza kitu.

Anatole akakohoa kwenye maikrofoni, akasema wanaoondoka ni watano ila buluu anaona nne. Bernadette, bila kuinua uso, akasogeza keki. Akakivuta kile kitenge mezani, akamkabidhi rais wa comité, kikiwa na krimu pembeni.

Watu wote wa kijani walikuwa wanamtazama.

“Univalishe, mama,” Anaïs akasema.

Julienne akakikung'uta, akakizungusha kiunoni mwa binti yake mara mbili juu ya lile gauni, akafunga fundo. Kisha akalikaza. Akalikaza tena, kama anavyokaza msuko wa kwanza kwenye paji la uso, ule unaotoa machozi.

“Mama, unanibana.”

Makofi yalikuwa yameshaanza, na mtu akapiga vigelegele. Julienne hakulegeza.