Mvua Ndani ya Ghala

Antipasi, mtunza ghala la kijiji, aliposhikwa na homa ya mapafu na kulazwa hospitali ya misheni, ufunguo wa ghala ulibaki kwa mama yake, Yunisi. Ulikuwa mwaka wa pili tangu vita vya Wazungu viishe. Kwa amri ya mtemi, kila kaya ya Iguguno ilikuwa imeleta magunia mawili ya mtama, akiba ya njaa. Ghala lilikuwa refu, la matofali na bati, na juu ya kuta palikuwa na matundu mapana yenye wavu tu.

Matundu hayo yalimkera Yunisi tangu mwanzo.

"Nyumba ya nafaka gani hii, baba? Imetoboka kama chujio."

"Bwana Shamba anataka mtama upumue, mama."

"Upumue! Basi auimbie pia, ulale."

Antipasi alicheka sana, wala hakumweleza zaidi.

Sasa alikuwa kitandani, na upepo uliingiza vumbi juu ya magunia. Nyumbani, Yunisi aliweka mtama katika kilindo, pipa la gome la mti, akaziba mfuniko kwa mavi ya ng'ombe na majivu. Miaka thelathini hakupoteza hata kikombe. Akamwita jirani yake Febronia, wakaegemeza ngazi, wakaziba matundu yote vivyo hivyo.

"Mwanao akirudi atakununulia kanga," Febronia alisema, mikono imemchafuka hadi viwikoni.

"Apone tu. Kanga ninayo."

Baridi ya Juni ikaja. Asubuhi moja Yunisi alikuwa akifagia ghalani, tone likamdondokea shingoni. Akatazama juu. Bati lote lilikuwa linatoka jasho, na mvua haikuwa imenyesha tangu Aprili. Akadhani ni umande unaopenya pembeni. Akaongeza mavi ya ng'ombe.

Antipasi alirudi wiki ya saba, amekonda, anatembelea fimbo. Mlango ulipofunguliwa, harufu iliwapokea, na Yunisi aliijua: harufu ya kimea cha pombe. Antipasi akatia mkono ndani ya gunia. Lilikuwa na joto. Akatoa mtama uliochipua, mweupe kwa ukungu.

"Mtama huu uliletwa kwa haraka, mama, haujakauka kama wako wa kilindoni," alisema polepole. "Pumzi yake ilipanda, ikakuta bati la baridi, ikarudi maji. Matundu ndiyo yalikuwa njia yake ya kutoka." Akapangusa mkono kwenye gunia. "Sikukueleza."

Alhamisi Bwana Shamba akafika, akapita kati ya magunia. Kisha akauliza nani aliyeziba.

Yunisi akasogea mbele.

"Mimi, bwana," Antipasi akawahi.

"Si ulikuwa hospitali?"

"Niliagiza."

Yunisi akamshika mwanawe mkono, akitaka kusema mwenyewe. Antipasi akaubana mkono wa mama yake kwa nguvu, hakuuachia mpaka maneno yakamwishia mama mdomoni. Kisha Antipasi akavua ufunguo kiunoni, akamkabidhi Bwana Shamba. Kazi yake ya ghala ikaishia hapo.

Jioni Yunisi alibandua mfuniko wa kilindo chake. Akachota. Mtama ulichuruzika vidoleni, mkavu, bila doa. Huo ulikuwa wa kaya moja. Akitoka ghalani alikuwa ameanza kuhesabu moshi wa majiko ya kaya zilizoleta mtama, akaacha njiani.

Akakaa chini na mfuniko mapajani, asijue aurudishe au akiache kilindo wazi.